Masharti ya Kuasili Mtoto: Asili Yake na Safari Yake

Mtu akisoma Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kisha akafungua Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001, ile iliyotumika hata ikafuatwa na nyingine mwaka 2022, ataona katika zote mbili hesabu moja. Mtu asiye ndugu wa mtoto, akitaka kumwasili, sharti awe ametimiza miaka 25, na tena awe amemzidi mtoto yule kwa miaka 21. Hesabu hii haikutoka kwa wazee wetu. Wazee hawakuuliza miaka. Waliuliza kama mtu ana nyumba, kama ana mke, kama jirani zake wanamsema vema, na zaidi ya yote kama yeye na mtoto ni wa ukoo mmoja. Basi 25 na 21 zimetoka wapi? Kwa nini si 30 na 15? Nimeona yafaa kulieleza jambo hili kwa walimu wenzangu na mapadre, kwa sababu mara nyingi watu hutujia sisi kwanza, kabla ya kwenda kwa wakili, wakitaka barua ya kuwashuhudia kwamba wafaa kupewa mtoto. Nasi huandika ya kuwa ni watu wema, tusijue kwamba sheria inauliza mambo mengine kabisa.

Kwanza tutazame maneno, maana lugha yetu ina maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Kulea ni kazi: ni kulisha, kuvika, kufundisha na kuonya. Mlezi aweza kuwa bibi, shangazi, yaya, au mwalimu wa bweni, wala kulea hakumwondoi mtoto kwa baba yake. Kupanga ni neno la zamani zaidi. Mtoto wa kupanga ni yule aliyewekwa mahali pa mwana, kama vile mtu awekavyo vitu kwa taratibu. Neno hilo limeharibika siku hizi, kwa sababu mjini kupanga ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi, na hakuna mtoto apendaye kuitwa mpangaji nyumbani kwao. Kuasili ndilo neno la mahakama leo. Limetoka katika asili, neno la Kiarabu lenye maana ya shina au chanzo. Kumwasili mtoto ni kumpa shina jipya. Aliyelichagua alichagua vema, ila lisemwe wazi, maana sikio lisilozoea husikia kuasi, na mtoto aliyeasi ni mbali sana na mtoto aliyeasiliwa. Waliotafsiri Nyaraka za Mtakatifu Paulo hawakutumia hata moja katika maneno hayo. Walisema kufanywa wana. Wakafanya sawa, kwa kuwa neno la Kiyunani alilolitumia Paulo ni neno la sheria, na watu wa Rumi waliosoma waraka wake waliijua desturi yenyewe kwa macho yao.

Desturi ni ya kale kuliko hao Warumi. Katika sheria za Hammurabi mfalme wa Babeli, zilizochorwa juu ya jiwe yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, kuna sheria kadha wa kadha za watoto waliotwaliwa. Mojawapo yanipendeza. Fundi akitwaa mtoto wa mtu, akamfundisha kazi ya mikono yake, mtoto hawezi kudaiwa tena na wazazi wake. Lakini kama hakumfundisha, mtoto aweza kurudi nyumbani kwa baba yake. Hapo haki ya mlezi imefungwa pamoja na wajibu wake: usipotoa kitu, hukupata mwana. Lakini wazo hilo lilizimika kwa muda mrefu, kama tutakavyoona.

Kwa Warumi zilikuwako njia mbili. Mtu wa kuasiliwa akiwa bado chini ya mamlaka ya baba yake, jambo liliitwa adoptio. Akiwa ni mtu asiye na baba juu yake, liliitwa adrogatio. Hii ya pili ilikuwa nzito mno, kwa sababu nyumba nzima ilizimika ikaingia katika nyingine, pamoja na mali yake na ibada za jadi yake. Kwa hiyo makuhani wakubwa walichunguza kwanza. Waliuliza kama yule atakaye mwana amekwisha kupita umri wa kuzaa, tena kama alipokuwa na nguvu alijaribu kupata watoto. Waliuliza sababu yake, na heshima ya nyumba zote mbili, na habari za ibada. Ndipo jambo likapelekwa mbele ya baraza la watu.

Jinsi masharti hayo yalivyoweza kuchezewa twaona katika habari ya Clodius. Mtu huyu alikuwa wa jamaa ya wakuu, naye alitaka kuwa mtetezi wa watu wa kawaida, cheo ambacho mkuu hakuweza kukishika. Basi mwaka wa 59 kabla ya Kristo alijifanyiza mwana wa Fonteius, mtu wa kawaida, kijana wa yapata miaka 20, mwenye mke, awezaye kuzaa. Naye Clodius alimpita kwa umri hata angaliweza kuwa baba yake. Jambo likapita mara moja, kwa kuwa Julius Caesar alilisaidia. Mwaka uliofuata Clodius akatumia cheo chake kumfukuza Cicero katika nchi. Cicero aliporudi alisimama mbele ya makuhani, akawauliza kwa uchungu ni uasili gani huu ambao mwana amemzidi baba kwa miaka. Naamini hapa ndipo tuwezapo kuona kwa nini sheria za baadaye zilitaja hesabu. Sharti lisilo na hesabu hushindwa na mwenye nguvu. Hesabu ni ngumu kubembelezwa. Kitabu cha sheria cha Kaisari Justinian, cha mwaka 533, kikasema wazi kwamba kuasili huiga maumbile, kwa hiyo mwenye kuasili sharti amzidi mwana wake kwa miaka 18.

Wanawake hawakuweza kuasili kwa Warumi, kwa maana mwanamke hakuwa na mamlaka ya baba hata juu ya watoto aliowazaa mwenyewe. Kaisari Diocletian, mwaka 291, alimruhusu mama mmoja aliyefiwa na watoto wake apate faraja hiyo, na toka hapo mlango ukabaki wazi kidogo.

Lakini msomaji aangalie kitu kisichokuwapo. Katika maswali yote ya makuhani hakuna hata moja lililouliza kama mtoto atatunzwa. Mara nyingi hata hakuwa mtoto: Augusto alipomwasili Tiberio, mwaka wa 4 baada ya Kristo, Tiberio alikuwa mtu mzima wa miaka 44. Kuasili kulikuwa dawa ya nyumba isiyo na mrithi. Ndiyo sababu masharti yote yalimwelekea mzee: awe hana mtoto, awe amepita kuzaa, awe na jina la kurithisha.

Mawazo haya yakakaa katika Ulaya muda wa miaka 1,300 na zaidi. Wafaransa walipotunga kitabu chao cha sheria mwaka 1804, Napoleon mwenyewe akisema katika mabaraza, waliweka masharti ya namna ileile, tena makali kuliko ya Warumi. Mwenye kuasili awe amepita miaka 50, asiwe na mtoto wa halali wala mjukuu, amzidi mwana wake kwa miaka 15. Na huyo mwana awe amekwisha kuwa mtu mzima! Tena mlezi awe amemtunza alipokuwa mdogo, muda wa miaka 6. Au, kama hakumtunza, yule mwana awe amemwokoa yeye katika vita, au katika moto, au katika maji. Haya si mzaha, ndivyo ilivyoandikwa. Yatima wa miaka 3 hakuweza kuasiliwa katika Ufaransa yote, lakini askari aliyemwokoa mzee katika mto aliweza. Wajerumani nao, katika sheria zao kubwa zilizoanza mwaka 1900, walitaka miaka 50, na tofauti ya miaka 18, na nyumba isiyo na watoto. Vita vya 1914 hata 1918 ndivyo vilivyowaamsha Wafaransa. Yatima walikuwa wengi mno, na watu wa kuwatwaa walikuwapo, na sheria ilisimama katikati. Tarehe 19 Juni 1923 ikatungwa sheria mpya iliyokubali watoto wadogo, na umri wa mwenye kuasili ukashushwa hata miaka 40.

Katika Marekani walikuwa wametangulia. Jimbo la Massachusetts mwaka 1851 lilitunga sheria fupi, ambayo haikutaja miaka ya mwenye kuasili. Ilimtaka hakimu aridhike kwamba watu hawa wana uwezo wa kumlea mtoto na kumsomesha, na kwamba jambo lenyewe lafaa. Ilitaka idhini ya wazazi kwa maandiko. Mtu mwenye mke hakuweza kuomba peke yake. Na mtoto wa miaka 14 au zaidi alitakiwa akubali mwenyewe. Hapo kwa mara ya kwanza, nionavyo mimi, uso wa sheria uligeuka: ulikuwa ukimtazama mzee, sasa ukamtazama mtoto.

Sasa tufike kwa Waingereza, maana kwao ndiko zilikotoka hesabu zetu. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba kabla ya mwaka 1927 hapakuwa na kuasili kwa sheria katika Uingereza. Watu walitwaa watoto, wakawapa majina yao, wakawasomesha. Lakini mbele ya hakimu jambo hilo lilikuwa si kitu. Nchi iliyorithisha ardhi na vyeo kwa damu haikutaka kusikia habari ya mwana asiye wa damu. Mwaka 1901 mahakama ilikata shauri kwamba mama wa mtoto wa nje ya ndoa hawezi kwa mapatano tu kuuondoa mzigo wake na kumtwika mtu mwingine, wala wale waliomchukua mtoto hawafungwi na mapatano hayo. Basi mlezi aliweza kumrudisha mtoto alipochoka, na mzazi aliweza kuja kumdai alipotaka. Waliojua maisha ya maskini walisema kwamba mzazi mara nyingi hakuonekana mtoto alipokuwa mchanga wa kulia usiku. Alionekana mtoto alipofika umri wa kuajiriwa.

Habari za Dk. Barnardo zinajulikana. Nyumba zake zilitwaa maelfu ya watoto wa mitaani, na mara kwa mara alishitakiwa na wazazi waliotaka watoto wao warudi. Mwaka 1891 shauri moja lilifika hata Baraza la Malodi. Mama mmoja Mkatoliki alitaka mwanawe atolewe katika nyumba ya Barnardo akalelewe na watu wa dini yake, na Malodi wakampa haki mama. Mwaka huohuo Bunge likatunga sheria iliyowaruhusu mahakimu kukataa kumrudisha mtoto kwa mzazi aliyemtupa. Lakini hiyo ilikuwa ngao tu. Haikumpa mlezi haki ya mzazi.

Na upande wa pili ulikuwa na giza kuu. Mama asiye na mume, aliyefukuzwa kazini kwa aibu, alisoma katika gazeti tangazo la watu wema wapendao kupata mtoto mchanga kwa malipo ya mara moja tu. Alitoa fedha, akatoa mtoto, asiulize zaidi. Amelia Dyer aliishi kwa biashara hiyo miaka mingi. Watoto waliokotwa katika mto Thames wakiwa wamenyongwa kwa utepe, naye akanyongwa London kwa hukumu ya mahakama mwaka 1896. Neno alilolitumia katika kuwapata wale watoto lilikuwa ni hilohilo la kuasili. Msomaji akikuta katika sheria za leo kwamba ni kosa kutoa au kupokea fedha kwa ajili ya kuasili, ila kwa ruhusa ya mahakama, aikumbuke hadithi hii, asidhani kwamba sharti hilo ni usumbufu wa makarani.

Baada ya vita vya 1914 vyama vya kuwatafutia yatima wazazi vilitokea, na haja ya sheria ikazidi. Kamati ya Hopkinson ikatoa taarifa mwaka 1921, ikisema sheria yatakiwa. Kisha ikawekwa kamati nyingine ya jaji Tomlin, nayo ilikuwa baridi: iliona kwamba watu watakao kuondokewa na watoto ni wengi kuliko watakao kuwapokea. Hata hivyo iliandika mfano wa sheria, na Bunge likaupitisha mwaka 1926, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1927.

Masharti yake yalikuwa haya. Mwombaji asiwe chini ya miaka 25. Awe amemzidi mtoto kwa miaka 21, ila kama ni jamaa wa damu walio karibu hakimu aliweza kulegeza tofauti hiyo. Mtoto awe chini ya miaka 21, asiwe amepata kuoa au kuolewa. Watu wawili wasiombe pamoja ila wawe mume na mke. Na mmoja wa watu wa ndoa asiombe peke yake bila idhini ya mwenziwe. Mwanamume peke yake asipewe mtoto wa kike, ila pawe na sababu isiyo ya kawaida. Mwombaji awe mkaaji wa Uingereza au Wales. Wazazi au walezi wa mtoto wawe wamekubali, ila kama wamemtupa, au hawaonekani, au hawana akili timamu. Na hakimu amweke mtu wa kumsimamia mtoto katika shauri, asiye wa upande wa mwombaji wala wa mzazi.

Sasa twaweza kujibu swali letu. Miaka 21 ndiyo iliyokuwa umri wa utu uzima katika sheria ya Waingereza siku zile. Mwenye kumzidi mtoto kwa miaka 21 ni mtu ambaye, siku mtoto alipozaliwa, alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mbele ya sheria. Yaani angaliweza kuwa mzazi wake kwa heshima. Ni lile neno la Justinian, kwamba kuasili huiga maumbile, limevikwa nguo ya Kiingereza. Na 25 ni 21 pamoja na miaka michache ya kutulia akili. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini sioni nyingine iliyo bora. Linganisha na miaka 50 ya Wafaransa. Kwa Mfaransa swali lilikuwa kama mtu amekata tamaa ya kuzaa. Kwa Mwingereza wa 1926 lilikuwa kama ana nguvu za kutosha kumlea mtoto hata akue. Sharti la kutokuwa na watoto likaondoka kabisa. Mtu mwenye watoto 5 aliweza kuomba wa 6.

Sharti la mwanamume peke yake na mtoto wa kike watu hulinung'unikia, wakisema lawatukana wanaume wema. Mimi nasema sheria haijui moyo wa mtu. Hujua tu milango gani ikiachwa wazi mwizi hupita. Na hata hivyo mlango haukupigiliwa misumari: sababu maalumu ikiwapo, hakimu aweza kukubali.

Lakini sheria ile ya 1926 ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni urithi. Mtoto aliyeasiliwa hakuwa mrithi wa wazazi wake wapya wakifa bila wosia; alibaki mrithi wa wale waliomtoa! Jina la mwana alilipata, na kiti mezani alikipata, lakini siku ya matanga alihesabiwa mgeni. Ya pili ni ndoa. Sheria haikumkataza mwenye kuasili kumwoa yule aliyemwasili, jambo ambalo Warumi walilikataza, na sheria ya Kanisa Katoliki hata leo, katika kanuni ya 1094, yalihesabu kuwa kizuizi cha ndoa. Kasoro hizo mbili ziliondolewa na sheria ya mwaka 1949. Sheria hiyohiyo ilisema mama asihesabiwe kuwa amekubali kabla mtoto hajatimiza juma 6, ili asiamue katika udhaifu wa uzazi. Na mtoto akae kwanza muda wa miezi 3 mfululizo katika mikono ya waombaji kabla ya amri kutolewa. Katika mwaka 1927 mahakama za Uingereza na Wales zilitoa amri karibu 3,000. Katika mwaka 1946, baada ya vita vya pili, zilipita 21,000.

Kwa habari ya dini, Waingereza hawakuifanya kuwa sharti la mwombaji. Waayalandi walifanya. Sheria yao ya 1952 ilitaka waombaji wawe wa dini moja na wazazi wa mtoto, au na mama yake kama ni mtoto wa nje ya ndoa. Kwa hiyo mume na mke wa dini mbalimbali walifungiwa mlango. Mwaka 1974 mahakama ilikata kwamba sharti hilo lapingana na katiba ya nchi, likaondolewa.

Hesabu za Waingereza zikavuka bahari pamoja na sheria zao nyingine. Tanganyika ilipata sheria yake mwaka 1953, ile Sura ya 335, nayo ikatumika hata ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Kenya ilikuwa na yake ya mwaka 1958, kisha ya 2001. Mtu akiisoma ya 2001 huona nyayo za London karibu kila mahali: 25 na 21, juma 6 za mtoto mchanga, miezi 3 ya kukaa na mtoto, mwanamume peke yake asipewe mtoto wa kike. Hapo Kenya waliongeza kwa haki, wakasema na mwanamke peke yake asipewe mtoto wa kiume, ila kwa sababu maalumu. Na la kuchekesha ni hili: Waingereza wenyewe wamekwisha kuziacha hesabu zao. Tangu sheria ya 1975 kwao umri wa kutosha ni miaka 21, na tofauti ya miaka haitakiwi. Mshonaji amelivua vazi, nasi bado tunalivaa. Silaumu, huenda latufaa sisi kuliko lilivyomfaa yeye. Lakini tujue ni vazi la nani.

Tena tuangalie lilipobana. Katika mila za watu wetu wengi, mtoto aliyefiwa hapewi mtu mgeni. Hutwaliwa na baba mdogo, au mama mkubwa, au mjomba, naye habadili ukoo wala jina. Kumfanya mtu wa ukoo mwingine kuwa mwana lilikuwa jambo kubwa lenye ibada yake. Wakikuyu walikuwa na desturi ya kumwingiza mgeni katika ukoo kwa kuchinja, wakaiita kuzaliwa kwa mbuzi. Baada ya hapo alikuwa ndugu, mwenye haki na wajibu wa ndugu. Na kwa Waislamu wa pwani Korani inaagiza watoto waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa. Kumlea yatima ni thawabu kubwa, nako huitwa kafala. Mlezi aweza kumwandikia wosia katika theluthi ya mali yake. Bali nasaba haibadiliki. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1989 juu ya haki za mtoto, katika kifungu cha 20, yaliitaja kafala kwa jina lake kuwa njia moja ya kumtunza mtoto asiye na nyumba. Padre aliye katika mji wa pwani asimshurutishe jirani yake Mwislamu kwenda kutafuta amri ya kuasili, akidhani kwamba asiyefanya hivyo hampendi mtoto.

Sheria zetu zilijaribu kumkumbuka ndugu. Katika Tanzania jamaa wa mtoto akiisha kupita miaka 18 hahesabiwi ile 25. Katika Kenya jamaa ametengwa vilevile na hesabu hiyo. Kwa hiyo dada wa miaka 20 anayewalea wadogo zake aweza kusikilizwa. Anayebanwa ni bibi. Sheria ya Kenya ya 2001 ilisema mwombaji aliyetimiza miaka 65 asipewe amri, ila kwa sababu maalumu. Shabaha yake twaielewa: mtoto asije akafiwa mara mbili. Lakini kila mwalimu anayeandika majina ya wanafunzi ajua ni watoto wangapi ambao mahali pa jina la mzazi hutajwa nyanya, kwa kuwa ukimwi uliwaondoa wazazi waliokuwa katikati. Hao wazee ndio waliobeba, nao ndio wa kwanza kuulizwa kwa nini ni wazee. Bibi wa namna hii akija kutaka barua, usimwandikie ya kuwa ni mwema tu. Andika tangu mwaka gani anaye mtoto, ni nani aliyelipa ada, ni nani aliyekuja mtoto alipougua, na ni ndugu yupi mwenye nguvu atakayeshika baada yake. Hayo ndiyo yatakayomsaidia jaji kuona sababu maalumu.

Yafaa pia kuwaonya watu juu ya karatasi zisizo na nguvu. Cheti cha ubatizo chenye jina la mlezi mahali pa baba hakimfanyi kuwa baba. Msimamizi wa ubatizo ana wajibu mbele ya Kanisa, lakini hana haki ya mzazi mbele ya hakimu. Barua iliyopigwa mhuri na mwenyekiti wa kijiji, na shahidi wawili, yaonyesha nia njema, basi. Amri ya kuasili hutolewa na mahakama peke yake, na huandikwa katika daftari ya serikali. Pasipo hiyo, mtoto aliyelelewa miaka 15 katika nyumba aweza kuambiwa siku ya kugawa shamba kwamba yeye si wa hapa, kama yule mtoto wa Kiingereza wa 1927.

Limebaki sharti moja, ambalo waombaji hulisahau kwa kuwa haliwahusu wao. Sheria ya Kenya ya 2001 ilitaka mtoto aliyetimiza miaka 14 akubali mwenyewe, kama ile ya Massachusetts miaka 150 kabla yake. Mume na mke waweza kuwa na umri, na nyumba, na idhini ya ndugu wote, na barua ya padre. Mtoto wa miaka 14 akisema hataki, hapo jambo laweza kuishia.